Mintarafu ya Watu Wazima Kucheza

Mtu aliyehamia Kitengela kwa tamaa ya kiwanja cha bei nafuu na hewa safi ya nyika, kisha akajikuta akiamka saa kumi za alfajiri ili aiwahi matatu ya Nairobi, akaketi humo saa nzima au zaidi kwa sababu ya msongamano wa magari pale Mlolongo, akaketi tena ofisini hadi alasiri, na mwishowe akarejea kwa njia ile ile hali ameketi, ana haki ya kulalamika kwamba kiuno kinamuuma, magoti yanalia, na pumzi zinamwishia kabla hajaifikia orofa ya tatu. Aghalabu malalamiko hayo humfikisha kwa rafiki anayemshauri ajiandikishe katika jimu. Naye hujiandikisha, hulipa ada ya miezi mitatu, huenda wiki mbili kwa ghera kubwa, na baada ya hapo haonekani tena. Sisemi hivyo kwa kuidharau jimu, kwa maana wako waliopata siha yao humo na wanastahili sifa. Nasema kwa sababu walioacha ni wengi mno, na walipoacha walijilaumu kwa uvivu, ilhali kilichowashinda ni ukiwa wa kazi isiyo na furaha, ifanywayo mbele ya kioo baada ya kutwa nzima ya kazi nyingine.

Shauri langu ni la namna nyingine. Namtaka mtu mzima wa Kitengela, wa Isinya, wa Kajiado mjini na kwingineko acheze: achuchumae, atambae, aruke, atupe, abebe, aning'inie, akimbizane na wenziwe kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na umri wa miaka minane, na afanye hivyo kwa minajili ya mwili wake mwenyewe, wala si kwa kuwaridhisha watoto tu wanapomsumbua siku ya Jumapili.

Kizuizi cha kwanza ni haya, wala si wasaa. Mama mwenye watoto watatu anaona kuruka blada, yaani ukanda wa mpira, pamoja na mabinti wa mtaa ni kujivunjia heshima, na baba mwenye nyumba za kupangisha anaona akitambaa juu ya nyasi wapangaji watadhani amerukwa na akili. Haya ni pambo la mtu mzima nami sitaki aivue. Ila haya ya namna hii haikutoka kwa wazee wetu, na mwenye kuzitazama desturi za Afrika Mashariki ataliona hilo upesi. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, kila mwaka mwezi wa Julai, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, wanaume wazima wenye wake na mashamba hugawanyika pande mbili wakapigana kwa magogo ya migomba mpaka majasho yawatoke, na ugomvi wote wa mwaka ukaishia uwanjani. Lamu, wakati wa Maulidi, watu hushindana kwa punda na kwa kuogelea, na wachezaji wa kirumbizi hupigana kwa fimbo kwa kufuata mlio wa ngoma na nzumari, wala hakuna anayewaambia kwamba wamekuwa watoto.

Na hapa Kajiado penyewe ushahidi u karibu zaidi. Huko Kimana, ambako Kilimanjaro huonekana kukicha, tangu mwaka 2012 hufanyika Olimpiki ya Kimaasai, iliyoanzishwa na viongozi wa jamii hiyo pamoja na shirika la Big Life Foundation, ili morani waliokuwa wakithibitisha ushujaa wao kwa kumwua simba wauthibitishe kwa kushindana wao kwa wao. Na David Rudisha, mwana wa Kilgoris ambaye mwezi wa Agosti mwaka ule ule aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, amekuwa mlezi wa michezo hiyo. Kuna mbio, kuna kutupa mkuki, kuna kutupa rungu kwa shabaha, na kuna kuruka juu, ambako ndiko ninakotaka msomaji atazame kwa makini. Mrukaji hachukui mbio za kujiandaa, wala hakunji magoti kwa kina. Husimama wima, mikono imelala kandokando ya mwili, shingo imenyooka, akajirusha kwa nguvu ya vifundo vya miguu, akatua kwa vidole, akapanda tena kabla kisigino hakijalala chini, na shabaha yake ni kuigusa kamba kwa utosi. Kinachomrusha ni kano ile nene iliyo juu ya kisigino, ambayo hupokea uzito wa mwili unaposhuka na kuurejesha juu, nayo imezoezwa tangu utotoni kwa kutembea nyuma ya ng'ombe na kwa ngoma za kuruka. Mtu wa makamo aliyekaa kitini miaka kumi na mitano asithubutu kumwiga siku ya kwanza, kwa kuwa kano iliyolala muda mrefu hukatika. Na aanze kwa kushika ukuta na kujiinua juu ya vidole mara kumi na tano asubuhi na mara kumi na tano jioni, muda wa mwezi mmoja, ndipo aruke kidogo kidogo, na aruke juu ya udongo wala si juu ya saruji.

Yako mambo ambayo wataalamu wameyaona kwetu na ambayo yafaa tuyajue. Daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, aliyewachunguza Wamaasai wa Tanganyika katika miaka ya 1960, alistaajabu kuona kwamba watu ambao chakula chao ni maziwa na nyama kwa wingi hawakusumbuliwa na maradhi ya moyo kama ilivyotazamiwa, na mojawapo ya sababu alizozitaja ni uimara wa miili iliyojengwa na mwendo wa kila siku. Wenziwe walibishana naye juu ya sababu hiyo. Juu ya uimara wa miili hawakubishana. Karibu na wakati wetu, David Raichlen, Brian Wood, Herman Pontzer na wenzao walioishi na Wahadzabe, wawindaji wa kando ya Ziwa Eyasi huko Tanzania, walitangaza mwaka 2020 jambo ambalo lilinigusa sana nilipolisoma: Wahadzabe, ambao hutembea na kuchimba na kupanda miti kuliko wengi wetu, hupumzika kiasi cha saa 10 kwa siku, karibu sawa na mtu wa mjini. Tofauti imo katika namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa, au hupiga magoti, na misuli ya mapaja na ya miguu haiachi kufanya kazi nyepesi. Sisi hujitupa katika kochi, na misuli ikalala usingizi kamili.

Kwa hiyo naanza na sakafu. Tandika mkeka sebuleni, vua viatu, simama katikati yake, kisha keti chini na uinuke tena bila ya kushika kitu chochote, ukitumia mkono au goti pale tu unaposhindwa. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil amefanya jambo hili kuwa kipimo: alama tano kwa kuketi na tano kwa kuinuka, ukatolewa alama moja kwa kila mkono au goti lililokusaidia na nusu alama kwa kila kuyumba, na katika uchunguzi alioutoa mwaka 2012 juu ya watu wenye umri wa miaka 51 hadi 80, waliopata alama chache walikufa kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopata nyingi. Asiogope aliyepata tatu. Alama hizo ni habari tu ya mahali mtu alipo leo, nazo hupanda kwa mwenye kuzifanyia kazi. Mambo unayoyafanya ukiwa kitini yafanye mkekani: ule hapo chakula cha usiku, uchambue mchele hapo, usome gazeti hapo, na kila uendapo kuchukua chumvi au kuzima taa utakuwa umeinuka na kuketi pasipo kuhesabu. Kuchuchumaa nako kurejeshwe taratibu. Ambaye visigino vyake vinapanda juu na aweke chini yake kipande cha ubao, ashike mguu wa meza imara, akae hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi kumi, na kila wiki apunguze unene wa ubao. Wenye magoti yaliyofanyiwa upasuaji wasishuke hadi chini kabisa. Kiti kifupi cha jikoni kinawatosha.

Kutambaa watu hukucheka, nami nawaomba wasicheke mpaka wamejaribu. Weka viganja na vidole vya miguu chini, inua magoti kiasi cha upana wa kiganja kutoka ardhini, kisha tembea hivyo kutoka mlango wa jikoni hadi wa sebule. Kifua, mabega, tumbo na viganja vitaamka kwa pamoja, na mtu anayejisifu kwa kutembea kilomita tano ataona jasho likimdondoka kabla ya mita ishirini. Afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Georges Hébert, aliyezaliwa mwaka 1875, aliupanga mwanzoni mwa karne iliyopita utaratibu mzima wa riadha juu ya matendo ya namna hii, yaani kutembea, kukimbia, kuruka, kwenda kwa miguu na mikono, kukwea, kusimama kwa mizani, kutupa, kubeba, kujilinda na kuogelea. Na hoja yake ilikuwa kwamba nguvu ya mwanadamu haina maana kama haimfai yeye na jirani yake siku ya haja. Aliyewahi kumtoa mtoto katika shimo la maji machafu, au kumbeba mgonjwa mpaka barabarani usiku wa mvua kwa sababu gari halingeweza kupita katika udongo mweusi wa mitaa yetu, anaielewa hoja hiyo pasipo kufundishwa.

Kubeba ndiko kulikokuwa riadha ya kwanza ya kaunti hii. Huko Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi, mahali palipochimbuliwa na Louis na Mary Leakey katika miaka ya 1940 na ambapo mashoka ya mawe yamelala mpaka leo, wachimbuzi wa baadaye waliona vipande vya jiwe la kioo la volkano ambalo halipatikani hapo, vilivyosafirishwa makumi ya kilomita kwa miguu ya watu yapata miaka 300,000 iliyopita. Leo mzigo wetu ni maji. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na nyumba nyingi za Kitengela hununua maji kwa mitungi au kwa boza. Basi mwanamume mwenye afya anayemlipa kijana wa mkokoteni amfikishie mtungi hadi jikoni na ampe ujira wake wote, kisha mitungi miwili ya mwisho aibebe yeye, mmoja mkono wa kuume na wa pili mkono wa kushoto, mgongo umenyooka, mabega yameshuka, mwendo wa polepole. Asiyeuweza mtungi mzima na aujaze nusu.

Lakini hapa lazima niseme jambo ambalo waandishi wa mambo ya siha hulipita. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wanawake wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini na wa Kiluo wanaobeba kichwani, wakaona kwamba wanawake hao huchukua mzigo wa kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Ni maarifa ya kustahiwa, yaliyopatikana kwa miaka mingi ya tabu. Haifai mtu amwendee mama wa Bissil anayeteka maji mbali, au binti anayeshona nguo kutwa katika viwanda vya Athi River, akamwambia kwamba mwili wake unahitaji kazi. Mwili wake umekwisha fanya kazi. Unachokosa ni mwendo usio na msimamizi wala mzigo, wa kunyoosha kile ambacho kazi imekikunja na wa kuurudishia moyo bashasha, na kwa mtu wa namna hii mchezo una thamani kubwa kuliko kwa karani wa ofisini. Na aning'inie: fundi yeyote wa jua kali atamfungia bomba la chuma juu ya nguzo mbili, na kuning'inia hapo kwa mikono, vidole vya miguu vikigusa kibao ili kupunguza uzito, sekunde kumi leo na kumi na tano wiki ijayo, humfungulia mabega na uti wa mgongo. Miti isitumiwe kwa jambo hili, kwani migunga yetu ina miiba mirefu, na misederi ya uani ina matawi dhaifu.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, kwa kuwa yote niliyoyataja mtu anaweza kuyafanya peke yake na akachoka nayo kama alivyochoka na jimu. Tafuteni majirani sita au wanane, wa umri wowote, mkubaliane saa kumi za alasiri siku ya Jumapili. Chezeni kati. Wawili wasimame katika ncha mbili, hatua kumi na tano baina yao, na waliobaki wawe katikati wakikwepa mpira. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, mpira wa siku hizi ni soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa na kufungwa kwa kamba, jambo ambalo ni jema zaidi, kwa maana humpiga mama wa miaka hamsini mgongoni bila ya kumwumiza. Mchezaji wa kati hugeuka ghafla, huinama, huruka kando, husimama kwa mguu mmoja huku macho yakimfuata mtupaji, na katika robo saa moyo wake umekwenda mbio kuliko katika kukimbia alikokuwa amejilazimisha, ilhali yeye anadhani alikuwa akicheka tu. Mtupaji naye atupe duru moja kwa mkono wa kuume na duru nyingine kwa wa kushoto. Chezeni blada, ukanda ukianzia vifundoni, na wenye magoti mabovu wawe washikaji. Wekeni gunia lililojazwa majani makavu, mlitupie rungu fupi kwa zamu kutoka hatua ishirini, watoto wote wakiwa nyuma ya watupaji. Na mkimwona jirani mpya amesimama mlangoni akitazama, msimwulize kama anajua kucheza. Mwambieni, "Karibu, mama, upande huu tumepungukiwa na mtu mmoja," kwa maana aliyehitajiwa huingia upesi kuliko aliyealikwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, humtaka mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kuitia misuli nguvu, na aliyetimiza miaka 65 aongeze mazoezi ya mizani siku tatu. Dakika kumi za mkekani kwa siku sita ni saa moja. Kati na rungu ya Jumapili ni saa moja na nusu. Hesabu ya chini imetimia, na hakuna aliyelipa ada. Mizani nayo haihitaji wakati wake: simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, ukuta ukiwa karibu na mkono kama una shaka.

Mwenye shinikizo la damu, mwenye maumivu ya kifua, mjamzito, na aliyeugua kisukari muda mrefu hata nyayo zikafa ganzi, waanze kwa kumwona daktari, na huyu wa mwisho asicheze peku kamwe. Maumivu ya misuli ya siku ya pili ni jambo la kawaida. Maumivu makali ya kiungo wakati wa mchezo ni amri ya kuacha. Udongo wetu mweusi hunata na kuteleza wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuvunja kifundo, kwa hiyo uwanja wa murami wa shule, kwa idhini ya mwalimu mkuu, ni bora kuliko kiwanja kitupu. Kifutu hulala penye nyasi ndefu, fyekeni kwanza. Tena wakaao upande wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ambayo upande wake wa kusini hauna ua, wasiende kukimbia huko alfajiri au magharibi, kwa kuwa simba na nyati hutoka kufuata njia zao za zamani, na zile ni saa zao.

Uwanja wenyewe ni tabu inayokuja. Kaunti ya Kajiado ilihesabiwa kuwa na watu 1,117,840 mwaka 2019, na ardhi iliyokuwa wazi inakatwa vipande na kuzungushiwa nyaya kila mwezi. Nami naona kila chama cha wenye mtaa kina wajibu wa kuweka kando kipande kimoja, hata cha robo ekari, kiandikwe katika hati kuwa cha mchezo, kabla ya vipande vyote kuuzwa. Mkishachelewa, hamtakipata tena kwa bei yoyote.

Na mara moja kwa miezi miwili au mitatu, kundi likishazoeana, nendeni Vilima vya Ngong, ambavyo vimo katika kaunti yetu hii na kilele chake kirefu hufikia mita 2,460. Mnaingia kwa lango la Huduma ya Misitu upande wa mji wa Ngong, mnaomba askari wa kuwasindikiza, mnabeba maji na koti kwa sababu upepo unaozungusha ile mitambo ya umeme hauna huruma, kisha mnafuata mgongo wa vilima ukipanda na kushuka. Njiani mtapata mawe ya kurukia na mitelemko ya kushuka kwa kuchuchumaa, na penye mteremko mkali mtumie mikono pamoja na miguu bila ya kuoneana haya. Aliyechoka kwenye kilima cha kwanza asisukumwe; apewe mwenzake mmoja, warudi pamoja hadi langoni wakawasubiri, na safari ijayo huyo ndiye apangiwe kuongoza mwendo, ili kundi zima litembee kwa kadiri ya pumzi zake.